Saa ya Kupapasa

Kambini, machimboni
3 Machi

Dada,

Nakusalimu huku vumbi limenijaa mdomoni. Lori la mahitaji limeingia leo na dereva anarudi mjini kesho, kwa hiyo naandika mbiombio. Kifurushi atakachokuletea usikitikise, usikikalie, wala usikiweke karibu na jiko. Ni saa ya Baba.

Najua utauliza saa ya nini kwa mtu asiyeona. Fungua kifuniko kwa ukucha utaelewa. Kioo nimekitoa kabisa, nikaweka kifuniko chenye bawaba. Uso nao nimeubadilisha: badala ya namba nimedondosha vinundu vya risasi ya kulehemu, na pale juu kabisa nimeweka viwili vilivyobanana, ili Baba akivigusa ajue hapo ndipo saa sita. Mishale ya saa ya kawaida ni laini, kidole kikiigusa inapinda, basi nimeiondoa nikatia minene iliyotoka kwenye saa kubwa zaidi. Ule mdogo tundu lake lilikuwa pana kidogo, nimelibana kwa koleo mpaka likashika. Baba afungue kifuniko, apitishe kidole, ajue saa ngapi. Asimuulize mtu.

Ulinicheka nilipokuambia kwamba siku za mapumziko nafungua saa za watu na kuzivalisha sura mpya. Hapa kambini wananiita Fundi Chandarua, kwa sababu nafanya kazi nikiwa ndani ya chandarua kukwepa vumbi, kama bibi harusi. Nimeua saa nyingi, sikufichi. Ya kwanza niliusugua uso wake kwa spiriti nikitaka ung'are, maandishi yote yakatoka, ukabaki mweupe kama sahani. Nyingine springi iliniruka ikaingia kwenye sufuria ya maharage ya mpishi, na mpaka leo hatujui nani aliila. Lakini kila niliyoiua ilinifundisha jambo, na yote niliyofundishwa yamo ndani ya hii ya Baba. Nimeiweka mezani wiki nzima nikiitazama asubuhi na jioni, haijapotea hata dakika moja.

Kinachomuuma Baba nakijua. Si giza. Ni kuuliza. Mtu aliyevuta king'ora cha kiwanda miaka yote ile, mji mzima ukiamka na kulala kwa mkono wake, leo anamuuliza mtoto wa jirani kama jua limezama. Mvalishe wewe mwenyewe, kisha uniandikie uso wake ulikuwaje.

Mdogo wako,
Fundi Chandarua


Nyumbani
24 Machi

Mwanangu,

Mkono huu si wangu, ni wa jirani yetu fundi viatu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze chumvi, na hata hilo nimemwambia aliandike.

Saa imefika. Dada yako aliifunga mkononi mwangu, akakichukua kidole changu akakiweka juu ya vile vinundu viwili. Nilikaa kitandani nikaipapasa mpaka chai ikapoa. Tangu macho yaondoke nilikuwa nimetupwa tu katikati ya siku, sijui kama naanza au namaliza. Sasa najua nilipo.

Naanzia juu, kwenye viwili, nakizungusha kidole kufuata mwendo wa mishale mpaka nikutane na ule mfupi. Fundi viatu anasema mimi naipapasa kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Na ni kweli, haipiti muda sijaigusa. Mtu akipita dirishani namwambia saa kabla hajaniuliza. Redio iliungua ule umeme ulipozidi, wala sina haja nayo tena.

Umefanya kazi ya kiume. Najua ulianza kwa kuharibu, na sijakulaumu hata siku moja. Hata mimi wiki yangu ya kwanza kiwandani nilivuta king'ora mapema, watu wakamwagika nje msimamizi akiwa bado anapiga mswaki.

Baba yako


Nyumbani
19 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila uchovu. Jikoni shuleni wamepunguza mtu mmoja, kwa hiyo nachota, napika, napakua, halafu nakuja nyumbani kuanza upya.

Nataka kukuambia jambo la Baba. Mwanzo nilicheka, sasa nimeacha. Juzi kulikuwa bado giza totoro, majogoo yamelala, nikasikia vyombo. Baba ameshanawa, amevaa shati la kutokea, anatafuta kiberiti anichemshie maji. Ananiambia nimechelewa kazini, saa kumi na mbili inaingia. Nikawasha taa nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa za usiku. Nikamwambia. Akafungua kifuniko chake, akapapasa, akasema, "Mimi sikisii, mama. Mimi naishika." Akakaa kwenye kiti mpaka kulipokucha, amenuna.

Asubuhi niliitazama saa yake. Ilikuwa imekwenda mbele sana. Nikaipatanisha na ya ukutani, na jioni nikakuta iko mbele tena. Nikamuuliza, Baba, unakizungusha hiki kitufe cha pembeni? Akasema hajakigusa. Lakini nani mwingine? Tunaishi wawili. Tena jana niliikuta mshale mkubwa umesimama wima juu kabisa, na mdogo umekaa pembeni, katikati ya kinundu na kinundu, sijui ndiyo saa ngapi hiyo. Anaichezea halafu anakana kama mtoto aliyelamba sukari.

Niambie, inaweza kuwa mbovu? Wewe ndiye unayeijua.

Dada yako


Kambini
4 Mei

Dada,

Barua yako imenitia simanzi. Nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena.

Saa si mbovu. Saa mbovu inachelewa au inasimama. Haiwezi kuruka masaa mbele kati ya asubuhi na jioni, hilo halipo. Moyo wake sikuugusa, niligusa sura tu, na niliipima wiki nzima kabla sijaifunga. Kama imekwenda mbele, kuna mkono ulioipeleka. Usimgombeze. Labda anakizungusha kitufe bila mwenyewe kujua, kama mtu anavyochezea kifungo cha shati.

Ninachoogopa ni kingine, nawe unakiogopa, ila hukukiandika. Babu naye alianza hivyohivyo. Alianza kuchanganya asubuhi na jioni, halafu akachanganya watu. Mwangalie, dada. Ukipata nafasi mpeleke kwa daktari.

Hapa nina kazi mpya ya saa. Mlinzi wetu wa usiku ameisikia habari ya saa ya Baba, naye anataka ya kupapasa, asiwe anawasha tochi kila mara akajulikana alipo. Namtengenezea pacha wa ile ya Baba, mishale ileile, vinundu vilevile. Mkono umezoea sasa.

Mdogo wako


Nyumbani
30 Mei

Mdogo wangu,

Baba ameanguka. Kaa kwanza ndipo usome. Yuko hai na hakuvunjika, ila nyonga imevimba na uso umechubuka upande mzima.

Ilikuwa mchana. Mimi hurudi saa kumi, unajua. Saa nane hivi Baba alipapasa saa yake ikamwambia kumi na mbili. Akaona nimechelewa mno, jua limezama na mimi sijarudi, nimepatwa na jambo. Akachukua fimbo akatoka kunitafuta. Alifika kona ya duka la vipuri akatumbukia mtaroni. Watu wanasema alikuwa anaita jina langu mchana kweupe na kumuuliza kila mpita njia mbona usiku huu pana watu wengi hivi. Vijana walicheka kwanza, ndipo wakamtoa.

Hospitali daktari alimhoji. Alimuuliza mwezi, akajibu sawasawa. Akamuuliza majina yetu, akayataja. Kisha akamuuliza, mzee, sasa hivi ni saa ngapi, kwa kukadiria tu. Baba akatabasamu, mdogo wangu, lile tabasamu lake la kiwandani. Akafungua kifuniko, akapapasa, akasema saa nane na robo bila wasiwasi wowote. Ilikuwa saa nne na robo. Daktari akamwambia ni asubuhi. Baba akamwambia kwa upole kwamba amekosea, aitazame vizuri saa yake. Daktari akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo, kama mtu anayepewa pole kabla ya msiba.

Ameandika kwamba akili inaanza kuondoka. Ametoa vidonge vya kumtuliza, na amesema asiachwe peke yake. Abaki na nani? Mimi nisipokwenda jikoni hatuli. Fundi viatu anamchungulia, lakini naye ana kazi yake.

Nimefikiria kufunga mlango kwa nje nikienda kazini. Nimelitoa hilo neno kalamuni kwa shida. Siwezi kuliamua peke yangu. Wewe ni mtoto wake kama mimi, niambie.

Dada yako


Kambini
15 Juni

Dada,

Nimelia mbele ya watu, na hapa si mahali pa kulilia.

Funga. Sisemi kwa wepesi. Ukiacha wazi, kesho si mtaro, ni gari. Muachie maji, muachie chakula karibu, mwambie fundi viatu azungumze naye dirishani. Vidonge mpe kama daktari alivyosema. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyeamua, anikasirikie mimi, niko mbali.

Saa usimvue. Ndiyo furaha yake iliyobaki, hata kama haitumii vizuri.

Likizo yangu ni mwisho wa mwaka. Nimeomba niitangulize, msimamizi amesema jenereta halina mwendeshaji mwingine ila mimi.

Mdogo wako


Nyumbani
6 Julai

Mwanangu,

Ni mimi, kwa mkono wa fundi viatu, yeye akiwa nje ya dirisha na mimi ndani. Amegoma kuandika mara mbili, nimembembeleza.

Mlango unafungwa. Dada yako anasema ni upepo unaousukuma, na mimi namwacha aseme hivyo, kwa sababu nasikia anavyoshusha pumzi baada ya kufunga komeo. Simlaumu. Vidonge vinanilaza mchana. Nikiamka napapasa, saa inasema hivi, na kelele za nje zinasema vile. Saa inasema jioni, na mimi nasikia watoto wanakwenda shule. Nikimuuliza fundi viatu ananiambia yake, dada yako ananiambia yake, na zao zinalingana. Ya kwangu iko peke yake.

Mwanangu, mimi nimeishi kwa saa. Sikuwahi kuchelewesha mtu wala kumwahisha, ukiacha ile mara moja. Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeitengeneza na wewe hukunidanganya hata ulipokuwa mdogo, ulikuwa unavunja kitu na unakuja mwenyewe kusema. Saa hii ni nzima?

Ukiniambia ni mbovu, nitaitupa na nitawaambia hawa watu wanifungulie. Ukiniambia ni nzima, basi nitakubali kwamba kilichoharibika ni kichwa, na sitabishana na dada yako tena. Nitakaa. Nataka kujua kimoja tu kati ya hayo mawili, niache kupigana.

Baba yako


Kambini
20 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama karibu na jenereta, na kelele zake sikuzisikia.

Ningependa sana kukuambia ni mbovu. Lakini umeniuliza kweli, na mimi na wewe hatujawahi kudanganyana. Saa ni nzima, Baba. Niliitengeneza kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Haina kosa.

Wala si aibu. Macho yalichoka, na kichwa nacho kina haki ya kuchoka. Msikilize dada. Akikuambia ni asubuhi, ni asubuhi. Mwisho wa mwaka nakuja, tutakaa wote barazani, mimi ndiye nitakuwa saa yako.

Mwanao


Nyumbani
17 Agosti

Mdogo wangu,

Asante kwa ile barua uliyomwandikia Baba. Fundi viatu alimsomea dirishani, halafu akaja jioni kunieleza, maana Baba mwenyewe hakusema kitu.

Imemtuliza. Habishani tena. Nikimwambia lala, analala. Nikimwambia kula, anakula kidogo, anasema basi. Hamwambii tena mpita njia ni saa ngapi. Anakaa kitandani mikono juu ya magoti, ameelekea ukutani, na dirisha liko nyuma yake. Nilimgeuza alitazame dirisha, nikasahau kwamba hatazami. Akaniambia asante.

Vidonge nimevipunguza kwa sababu havina kazi tena. Naona kama nina mtoto mpole asiyesumbua, na kila nikilifikiria hilo nataka kupiga kelele. Nilikuwa na baba mbishi.

Saa bado anaivaa, ila kifuniko hakifungui. Amekishusha na ameacha kuigusa kabisa. Na walau hilo limetupumzisha, kwa sababu tangu aache kuichezea inakwenda sawasawa. Naifungua asubuhi kabla sijatoka, naikuta imelingana na ya ukutani. Wiki tatu sasa sijairekebisha.

Dada yako


Kambini
2 Septemba

Dada,

Mfungulie Baba. Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda ukafungue mlango, halafu urudi.

Baba si mgonjwa wa akili. Saa ndiyo ilikuwa inamdanganya, na mimi ndiye niliyeipa uongo.

Mlinzi wa usiku alinirudishia saa yake mwanzoni mwa Julai. Akasema inakimbia. Nikamwambia, kama nilivyokuambia wewe, kwamba anakizungusha kitufe. Tukagombana, nikamwita mshamba. Saa nikaipatanisha, nikaitupa sandukuni, nikaiacha humo. Nilipoitoa ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, nikafurahi, nikasema nilijua. Halafu lori likaja na barua yako. Umeandika kwamba tangu Baba aache kuigusa inakwenda sawasawa. Niliisoma hiyo sentensi mpaka herufi zikaanza kucheza.

Nikaingia chandaruani, nikaichukua ya mlinzi, nikafumba macho. Dada, sikuwahi kufumba macho. Nimetengeneza saa ya kipofu na sikuipapasa nikiwa nimefumba macho hata mara moja. Niliiweka mezani nikaitazama wiki nzima, na saa ya kutazamwa haikuwa na kosa. Nikapitisha kidole kama Baba alivyonieleza, kuanzia juu, kufuata mwendo wa mishale. Nikaukuta mfupi. Nikafumbua macho, ulikuwa umesogea. Kidogo tu, kama unene wa ukucha. Nikarudia, ukasogea tena. Lile tundu nililolibana kwa koleo halikushika, liliegemea tu. Kila Baba alipoigusa saa ajue ni saa ngapi, alikuwa anaisukuma mbele kwa kidole chake mwenyewe. Na kadiri alivyoipenda ndivyo alivyoigusa, na kadiri alivyoigusa ndivyo ilivyompoteza.

Hata kuniambia uliniambia. Ile barua ya Aprili uliandika kwamba mkubwa umesimama juu kabisa na mdogo uko katikati ya kinundu na kinundu. Kitufe huizungusha mishale yote miwili pamoja, na mkubwa ukiwa juu mdogo lazima uwe juu ya kinundu. Mtoto aliyeanza kujifunza saa juzi angeona kwamba mshale umelegea. Mimi niliisoma nikaona mwanamke aliyechoka ambaye hajui kuisoma saa. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine nitayaomba baadaye.

Halafu Baba akaniuliza. Aliniuliza kwa maneno mepesi kabisa, na alinipa njia mbili, nikachagua ile ya kuilinda kazi yangu. Nilijiambia nasema kweli. Sikuinuka hata kwenda kuitazama ile ya mlinzi iliyokuwa sandukuni, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Msomee hii barua yote, usiruke. Mwambie alikuwa sahihi kuhusu watoto wa shule. Mwambie ile saa ikatupwe. Nimeacha kazi hii ya saa, vifaa nimempa mpishi achokonolee jiko.

Mvua zimeanza na dereva anasema daraja la chini limefunikwa maji. Sijui barua hii itakufikia lini. Ingewezekana kwa miguu ningekuja.

Mdogo wako


Nyumbani
11 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako ya Septemba imefika wiki iliyopita, bahasha imelowa na kukauka, lakini inasomeka. Nilifanya ulivyosema. Baada ya mstari wa kwanza niliinuka nikafungua mlango nikauegesha kwa jiwe. Kisha nikaisoma iliyobaki nimesimama.

Nilikuwa na hasira nawe siku mbili. Halafu nikakumbuka nani alikuwa anashusha komeo kila asubuhi, na nani alikuwa na macho ya kuona kwamba mishale hailingani. Tulikuwa wawili tunaoona, na asiyeona peke yake ndiye aliyesema kweli. Hasira imeisha, sasa sijui nilichobaki nacho.

Nilimsomea Baba yote, hata ya mlinzi, hata ya koleo. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale uliposema alikuwa sahihi kuhusu watoto wa shule. Nikarudia. Nikamwambia, Baba, unasikia? Wewe ni mzima. Ulikuwa mzima siku zote. Nikampigia magoti nikamshika mikono.

Akasema, "Mama, nimeshazoea. Mlinifundisha taratibu, nimejifunza. Msinirudishe tena darasani."

Nikamwambia nitaivua ile saa niitupe. Akaifunika kwa mkono. Akasema mwandikie mdogo wako kwamba saa yake ni nzuri, kifuniko chake kinafunga vizuri. Sikujua kama anakutetea au haamini kabisa uliyoandika. Nilimtazama usoni nione ni lipi, na sikuona kitu.

Mlango unakaa wazi mchana kutwa. Nimemwekea fimbo mkononi. Nimewaambia watu wa duka la vipuri kwamba baba yangu ni mzima, wamsalimie kama zamani. Nikirudi namkuta palepale kitandani, ameelekea ukutani, na kitu cha kwanza anachoniuliza ni kama nilikumbuka kufunga.

Sasa ananiuliza saa. Hakuwa anauliza kwa sauti ya unyonge hivyo, hata macho yalipoondoka. Ananyoosha mkono wenye saa yako, nifungue mimi kifuniko, nitazame, nimwambie. Nikishamwambia anasema sawa.

Jana nilifanya kitu ambacho sikukifikiria kabla. Ilikuwa saa nne za asubuhi, siku yangu ya mapumziko, jua kali limeingia mpaka kitandani na kumpiga mgongoni, watoto wanapiga kelele za mapumziko kule shuleni. Akanyoosha mkono akaniuliza. Nikafungua kifuniko nikamwambia ni saa mbili za usiku. Nilitaka abishe, mdogo wangu. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo aniambie mimi ni mwongo.

Akasema sawa. Akavua viatu, akajilaza, akaniomba nizime taa.

Dada yako